Chambo Kimoja, Nyimbo Nne

Kitu cha kwanza anachotafuta akifika majini ni tawi. Mwanzi wake ameuegemeza kwenye kichuguu, mfuko wa chambo bado umefungwa, jua halijatokeza nyuma ya miti, na yeye anazunguka ukingoni akigusa tawi moja baada ya jingine kama mama anayechagua nyanya sokoni. Tawi jembamba analiacha. Lililoinamia maji analiacha pia. Akipata moja nene, lililo nyuma ya kikao chake hatua sita au saba, usawa wa sikio la mtu aliyekaa, ndipo anapofungua kamba na kuning'iniza redio.

Redio yenyewe ni ile ndogo ya Kichina iliyojaa masoko yote ya Lubumbashi, yenye tundu la flashi ubavuni na tochi kichwani. Ameivalisha kipande cha kitenge kama mtoto mchanga anayekingwa na baridi. Anaiwasha, anarudi kwenye kikao chake, anakaa, anafumba macho. Anainuka. Anapunguza sauti kidogo, anarudi kukaa. Anainuka tena. Safari ya tatu ndipo anapotikisa kichwa kwa kuridhika na kuanza kufungua mfuko wa chambo.

Nilipomwona mara ya kwanza nilidhani ni vituko vya uzee. Ilinichukua asubuhi nne kuelewa kwamba nilikuwa naangalia ufundi, na kwamba sehemu kubwa ya ufundi huo ilikuwa imeshakwisha kabla ndoano haijagusa maji.

Jina lake silitaji, kwa kuwa hakuniomba nimwandike na hapendi watu wajae kwenye bwawa analovua. Nitamwita Papa, kama wanavyomwita wote pale. Amepita miaka sabini, alifanya kazi ya reli mpaka alipostaafu, na anavua kwenye bwawa moja dogo upande wa Kipopo, nje ya mji, ambako vichuguu ni virefu kuliko nyumba. Tulikuwa mwezi wa tisa. Baridi ya Juni na Julai ilikuwa imeondoka, majani mapya ya msitu wa miombo yalikuwa mekundu kama ya nchi nyingine, na maji yalianza kupata joto. Samaki wa mabwawa yetu hawapendi baridi. Julai wanalala njaa kuliko kuhangaika.

Kwa wafugaji wa samaki, Kipopo ni jina zito. Katika miaka ya 1940, Lubumbashi ilipokuwa bado ikiitwa Elisabethville, huku ndiko Wabelgiji walikojaribu kuwazoesha tilapia kuishi katika mabwawa ya kuchimbwa, na mwaka 1949 mji ukapokea mkutano mzima wa Waingereza na Wabelgiji juu ya ufugaji wa samaki peke yake. Sababu haikuwa mapenzi ya samaki. Migodi ya shaba ilikuwa na vinywa vya kulisha. Kabla ya hapo, na hata baadaye, walioulisha mji walikuwa wafanyabiashara wa Kigiriki wa Kasenga, kwenye mto Luapula, waliokuwa wakileta samaki juu ya barafu kwa magari. Siku hizi mji unakula samaki wa Kasenga, wa Kilwa, wa Pweto, wa ziwa Tshangalele lililozaliwa bwawa la umeme la Mwadingusha lilipojengwa mwaka 1930, na zaidi ya wote unakula Thomson, yule samaki wa bahari anayefika akiwa jiwe la barafu. Mvuvi wa mwanzi hahesabiwi popote katika biashara hiyo. Papa akirudi nyumbani na samaki watano, amepata mboga ya bukari, ugali wetu, ya siku moja, na majirani wawili wameonja.

Kwa hiyo hakuna anayemlazimisha kuwa hodari, jambo lililonivutia tangu mwanzo.

Asubuhi ile ya kwanza mimi pia nilikuja na muziki wangu, kwenye simu, waya masikioni. Niliona ni adabu: nisimsumbue mzee, nisiwasumbue samaki. Niliketi mita kumi kutoka kwake nikatupa ndoano. Saa mbili zikapita. Yeye alitoa wanne. Mimi nilitoa majani. Papa alinitazama kwa huruma fulani ya mbali, kama mtu anayemtazama mgeni aliyevaa shati kinyume, kisha akanyoosha kidole kuelekea sikio langu. "Kama unasikia muziki tu," alisema, "umeshapotea."

Alichomaanisha nilikielewa polepole. Mpende wakila majani ya ukingoni hutoa sauti ndogo ya midomo, kama mpishi anayeonja mchuzi kwenye kiganja. Tete linalotikiswa na samaki halisikiki sawa na tete linalotikiswa na upepo. Mdiria akinyamaza ghafla, au akihama tawi, amekuambia kitu. Sauti hizi zote ni ndogo, na zote zinakuja kabla boya halijatikisika. Papa ana namna yake ya kusema hilo: boya linakuambia samaki amefika, sikio linakuambia anakuja. Redio inapowekwa kwenye lile tawi na sauti yake kurekebishwa mara kwa mara, kinachopimwa ni ukingo wa bwawa. Muziki uwe mdogo kiasi kwamba tete lisikike juu yake, na uwe mkubwa kiasi cha kumfanya mtu asilale wala asianze kuzungumza peke yake. Kati ya mipaka hiyo miwili kuna nafasi nyembamba kama ukucha, na inahama kila siku kufuatana na upepo. Ndiyo sababu hawezi kuweka alama kwenye kitufe na kumaliza.

Lakini kwa nini asikae kimya kabisa? Nilimwuliza. Alicheka. Kimya, alisema, ni kizito. Baada ya nusu saa ya kimya mtu huanza kusikia matatizo ya nyumbani kwake.

Kuna neno hapa ambalo msomaji wa Mombasa au Dodoma huenda akalisikia vibaya. Kuvua kwa ndoano, sisi wa Katanga tunasema kuloba. Ni mzizi uleule uliotoa ndoano ya Kiswahili cha pwani, ambako sauti ya "b" ilidondoka njiani na kuacha kuloa. Sasa, kwa Kilingala, koloba ni kusema. Mtu wa Kinshasa akihamia Lubumbashi na kusikia kwamba mzee fulani anashinda majini akiloba, anaweza kudhani mzee amerukwa na akili na anahutubia kambale. Papa ameutumia mzaha huu mara nyingi mno. Mkwewe anatoka Kinshasa.

Turudi kwenye tawi. Redio ya Papa haikai chini hata siku moja. Haikai juu ya jiwe, haikai ndani ya mtumbwi hata mtumbwi ukiwa umefungwa. Na yeye mwenyewe hutembea ukingoni pekupeku. Siku ya pili aliniambia, bila kugeuza kichwa: "Toa bilato, mutoto." Nilivua viatu.

Wataalamu wa sauti wana hesabu inayomuunga mkono. Sauti inayosafiri hewani ikifika juu ya maji, karibu yote inarudi ilikotoka. Inayopenya ni kama sehemu moja tu katika elfu ya nguvu yake. Kwa hiyo gitaa linalolia kutoka kwenye tawi, samaki halimfikii, au linamfikia kama mnong'ono wa chumba cha tatu. Mtu aliye ukingoni anaweza hata kuongea. Ila kisigino kikigonga udongo, au sanduku la redio likitetemeka juu ya ubao wa mtumbwi, mtikisiko unapita moja kwa moja bila kupitia hewani, na humo majini unakimbia karibu mita 1,480 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wa sauti hewani. Wavuvi wengi wanaogopa redio huku wakikanyaga kwa mabuti. Papa amegeuza hofu hiyo juu chini, na hakuna kitabu kilichomfundisha. Alijua kwa kupoteza samaki.

"Samaki eko anasikia na tumbo," aliniambia siku nyingine, akijigonga kitovu.

Nilipofika nyumbani nilitafuta, nikakuta kwamba mzee alikuwa karibu sana na ukweli. Mwaka 1820 Mjerumani Ernst Heinrich Weber alieleza mnyororo wa vifupa vidogo vinavyounganisha kibofu cha hewa cha samaki fulani na sikio lake la ndani. Kibofu kinatetemeka kama ngozi ya ngoma, vifupa vinapeleka habari. Kambale anavyo. Manda, yule samaki wa mto Luapula na ziwa Mweru mwenye meno ya mbwa, anavyo. Tilapia na ndugu zake hawana. Wanasikia kwa uzito zaidi, na mengi wanayahisi kwa ule mstari wa ubavuni unaosoma mwendo wa maji. Mwaka 1923 Karl von Frisch, ambaye miaka 50 baadaye angepewa tuzo ya Nobel, aliandika juu ya kambale mmoja asiyeona aliyekuwa akitoka mafichoni kila alipopigiwa mluzi, kwa kuwa alikuwa amezoeshwa kwamba mluzi ni chakula. Nilimsimulia Papa. Hakushangaa hata kidogo. Aliuliza tu yule mzungu alikuwa akipiga mluzi wa wimbo gani.

Lakini angalia anachofanya yeye. Asubuhi, anapotafuta tilapia na mpende, redio inaimba. Jioni akibaki kuwangojea kambale, anaizima na kuitia mfukoni kabla ya kubadilisha ndoano. Nilipomwuliza sababu alisema kambale ana aibu. Neno hilo halimo katika kitabu cha Weber, lakini tofauti anayoifanya kati ya samaki hawa wawili ni ileile.

Sauti inaweza kufanya kazi nyingine kabisa majini, na Papa ameiona. Kwenye Luapula na Mweru kuna uvuvi uitwao kutumpula: mtu anaweka wavu, kisha anapiga maji kwa mti mrefu, tump, tump, samaki wanakimbia kelele na kuingia wavuni wenyewe. Upande wa Zambia umepigwa marufuku, lakini ukifika pale walinzi wa serikali wasipokuwepo utausikia usiku. Papa alivuta ndoano siku moja akiwa Kasenga, alipokwenda kumsalimu dada yake, huku vijana wakitumpula upande wa pili. Aliondoka. "Ile ni kazi ya polisi," alisema, yaani kuwafukuza viumbe mpaka wajikamatishe. Nadhani alikuwa mkali kuliko haki. Mwenye watoto sita wa kulisha hana muda wa kuning'iniza redio kwenye tawi. Ila nilielewa kilichomchukiza.

Sasa nyimbo zenyewe, maana hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi.

Flashi ya Papa ina nyimbo chache, zisizozidi arobaini, na karibu zote ni za magitaa ya zamani ya Katanga. Jean-Bosco Mwenda ndiye mwenye sehemu kubwa: Mwenda wa Bayeke, aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1930, ambaye mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alimkuta mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo, akamrekodi akipiga "Masanga". Yupo Édouard Masengo. Yupo Losta Abelo. Hakuna kitu cha Kinshasa hata kimoja, na hili si kwa sababu ya ukabila wala kwa sababu ya mkwe. Ni hesabu.

Papa havai saa. Chambo chake ni bukari iliyosongwa ngumu, ikaongezewa unga kidogo wa muhogo ili ishikamane, ikakandwa mpaka iwe kama sikio la mtu kwa ulaini, kisha anafinyanga kidonge cha ukubwa wa haragwe na kuficha ncha ya ndoano ndani. Kidonge hicho kikikaa majini kinayeyuka pole pole. Kikitoka mapema kinakuwa bado kigumu na samaki anakionja na kukitema. Kikikaa mno, ndoano inabaki uchi na mvuvi anaendelea kungojea kama mtu aliyetegemea pete ya ndoa bila mchumba. Papa anajua muda wa kidonge chake: nyimbo nne. Wimbo wa nne ukikata, anavuta, anavisha upya.

Na hesabu hiyo inafanya kazi kwa sababu ya santuri. Sahani za zamani zilizozunguka mara 78 kwa dakika zilibeba kama dakika tatu kila upande, basi. Aliyekuwa na wimbo wa dakika tano aliukata. Hivyo Mwenda na wenzake, bila kukusudia, walimtengenezea mvuvi wa Kipopo saa ya ukutani: kila wimbo kama dakika tatu, nne ni kama dakika kumi na mbili. Muziki wa Kinshasa wa baadaye, wenye sebene, kile kipande kirefu cha magitaa, inayoanza pale wengine wanapomalizia, ungemvuruga kabisa. Wimbo mmoja unaweza kula robo saa. Chambo kimekwisha, mwimbaji bado anataja majina ya marafiki zake.

Hiyo ni sababu ya kwanza. Ya pili ni nzito zaidi, na aliitoa kwa shida, kama mtu anayeeleza jinsi anavyomeza mate.

Mkono, alisema, ni mtumwa wa ngoma. Mtu akisikia mdundo mzito, mguu unagonga, kichwa kinaitika, na mkono ulioshika mwanzi unajifunza mdundo huo bila kuomba ruhusa. Samaki akigusa, mkono unavuta pale ngoma inapolia. Lakini samaki hafuati ngoma. Tilapia anagusa mara ya kwanza kuonja, anaachia; mara ya pili anavuta kidogo kwa midomo; mara ya tatu anabeba na kuondoka. Ukivuta kwenye kuonja, umemfukuza. Ukichelewa kwenye kubeba, ameshasikia chuma. Nafasi ya haki ni ndogo na inaangukia popote. Kwa hiyo karindula, ile banjo kubwa ya pipa na ngozi ya mbuzi inayotikisa mitaa yetu, Papa anaipenda kuliko nilivyotarajia kwa umri wake, anayajua mpaka makundi kama Bena Simba na BBK, lakini majini haiingii. "Ile ni ya kucheza," alisema. "Haiko ya kuloba."

Basi kwa nini Mwenda? Si naye ana mdundo?

Papa aliweka mwanzi kwenye uma wa mti, akanionyesha mkono wa kulia. Mwenda alipiga kwa vidole viwili tu, gumba na cha shahada. Gumba linatembea kwenye nyuzi nene, chini na juu, mwendo wa mtu anayekwenda kazini. Shahada inacheza kwenye nyuzi nyembamba na haimfuati gumba. Inatangulia, inachelewa, inaingia kwenye tundu aliloliacha mwenzake. Ukiisikiliza "Masanga" ukitaka kugonga mguu, utajikuta una chaguo mbili, na kila ukichagua moja nyingine inakuvuta. Mguu unaacha. Mkono nao, kwa kukosa bwana mmoja wa kumtumikia, unabaki huru. Kisha akachukua uzi wa nailoni pale unapotoka kwenye ncha na kurudi mkononi, akaubana kati ya vidole vivyo hivyo viwili. Gumba linashika. Shahada inasikia.

Sikujua la kusema. Nimesoma kurasa nyingi juu ya gitaa la Katanga. Nimesoma jinsi Mwenda alivyofika mpaka tamasha la Newport, Marekani, mwaka 1969, na jinsi wapigaji wa Kenya walivyomsikiliza kwa makini tangu miaka ya 1950. Nilijua alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari. Hakuna mahali nilipokuta mtu akisema kwamba muziki huu unaacha mkono huru. Aliyeniambia ni mzee mwenye unga wa muhogo kwenye kucha.

Baadaye ndipo aliponiambia, kana kwamba ni jambo dogo, kuwa alipokuwa kijana alipiga chupa. Katika magitaa yale ya zamani mara nyingi kuna mtu wa pili anayegonga chupa kwa kitu cha chuma. Wakenya wanaifahamu kazi hiyo kwa chupa ya Fanta. Watu huidharau. Papa alikuwa anaipiga kwenye harusi za mitaa ya Kamalondo na Katuba, na anasema kazi yote ya mpiga chupa ni kujua wakati wa kutogonga. Alinionyesha kwa kijiko juu ya kopo la chai. Aligonga mara tatu katika wimbo ambao mimi ningegonga mara thelathini, na zile tatu zilinifanya nisikie gitaa upya, kama mtu aliyesafishiwa miwani.

Vifaa vyake havina la kusifia, na nitavipita haraka: mwanzi wa mita tatu uliokaushwa juu ya jiko mpaka ukapata rangi ya chai, boya lililokatwa kwenye soli ya ndala kuukuu, kipande cha risasi kisichozidi punje ya mahindi. Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi wakiruka, anaacha bukari na kutumia hao. Nyimbo nne zinakuwa mbili, kwa kuwa kumbikumbi hamalizi dakika sita bila kuibiwa. Kwenye mito inayopita karibu na viwanda vya madini havui, wala hali samaki wa huko. Chuo kikuu cha hapa kimepima maji na udongo wa mito hiyo kwa miaka na kukuta metali ambazo hazifai tumboni. Papa hakungoja vipimo. Aliona vyura wameondoka.

Asubuhi ya nne alinipa mwanzi.

Redio ilikuwa imeshapimwa. Safari hii nilikaa naye na kufumba macho pia. Mwanzoni nilisikia gitaa. Kisha nilisikia gitaa na maji. Kisha kukawa na kipindi, sijui kirefu kiasi gani, ambapo gitaa lilikuwa pale kama harufu ya moshi ilivyo pale, na mbele yake kila kitu kingine kilikuwa na makali: tete kushoto, mdiria juu ya mti mkavu, mtu anayepasua kuni mbali. Uzi ulikuwa kwenye shahada yangu. Kitu kikaugusa. Kuonja. Mkono wangu uliruka wenyewe, nikavuta, ndoano ikatoka ikiwa na nusu ya kidonge.

Papa hakusema neno. Alifinyanga kingine, akakiangalia dhidi ya mwanga kama sonara, akanirudishia.

Nikatupa. Boya likasimama. Wimbo mmoja ukapita, wa pili ukaanza, na ndani yake nikahisi tena kitu kidogo, au nilidhani nimehisi. Tayari nilikuwa na hakika kwamba chambo kimeondoka, kwamba nangojea ndoano tupu, kwamba ni lazima nivute nione. Niliinua mwanzi upana wa kidole. Papa, macho bado yamefumba, aliinua vidole viwili.

"Bado mbili."

Nilishusha mwanzi. Wimbo wa pili ukakata, na kabla wa tatu haujaanza, katika ule upenyo mfupi ambao flashi inatafuta njia yake, ukingoni kulia kwetu, chini ya matete, mtu alionja mchuzi.